Sindano, mashini ya mkono au ya umeme? Kuanza kushona Lubumbashi kwa pesa kidogo

Mdogo wangu mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, alipofikiwa na zamu yake ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, alikuja kwangu jioni, pesa zimefungwa kwenye ncha ya kikwembe, yaani kitenge chake. "Yaya," akaniambia, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, "nimeona mashini ya umeme kule mjini, nyeupe, nzuri kabisa. Kesho naenda kuichukua." Hana mpango wa kufungua atelye, karakana ya ushonaji, wala kuchukua kazi za watu. Anapenda kushona: magauni ya watoto wake wawili, vifuniko vya mito, mfuko wa kwendea sokoni. Nilimwomba avumilie wiki moja kabla hajatoa pesa, na wiki hiyo tukakaa kila jioni tukilinganisha kitu kwa kitu. Haya ndiyo tuliyoyaona. Nayaandika kwa ajili ya wengine walio kama yeye, wenye hamu ya kushona na mfuko mwembamba.

Hesabu ya mapigo

Wengi huanza kwa kulinganisha mashini na mashini. Sisi tulianza kwa kuhesabu mapigo ya sindano, na hesabu hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila kitu kilichofuata.

Chukua kifuniko cha mto cha sentimita 40 kwa 40. Ukikizunguka pande zote nne, mshono una sentimita 160. Kwa mkono, mshono unaoshika nguo vizuri ni ule wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, inarudi hatua moja, inatokea tena mbele zaidi. Pigo moja lina kama milimita 3, kwa hiyo kifuniko kinakula mapigo zaidi ya 530. Nilimpima mdogo wangu kwa saa ya simu, akawa anapiga 15 kwa dakika. Kifuniko kimoja, dakika 35 hivi. Hiyo ni jioni nzuri ya kuzungumza huku mikono inafanya kazi.

Sasa chukua gauni la mtu mzima lenye mishono ya mita 12 kwa jumla: mabega, ubavu, mikono, kiuno, pindo. Kwa mkono ni mapigo 4,000, karibu saa nne na nusu za sindano tupu, bila kukata wala kupiga pasi.

Mashini ya kuzungusha kwa mkono kwa kawaida hupiga mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa mpini. Tukiweka pigo la milimita 2.5, gauni lile lile linahitaji mapigo 4,800, yaani mizunguko 1,600. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, unamaliza kwa dakika 27. Mashini ndogo ya umeme ya nyumbani hufikia mapigo 700 kwa dakika na zaidi, na kwa mwendo huo gauni linachukua dakika 7.

Tazama pengo liko wapi. Kutoka sindano hadi mashini ya mkono umeokoa saa nne. Kutoka mashini ya mkono hadi ya umeme umeokoa dakika 20. Na dakika 20 hizo zinapotea kabisa kwa mtu anayependa kushona, kwa sababu kupima, kukata, kubana kwa pini na kupiga pasi kunachukua muda ule ule kwa mashini yoyote. Kwa fundi wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, anayeshona nguo nyingi kwa siku, dakika 20 kwa kila gauni ni chakula cha watoto wake. Sisi wa nyumbani hatuko kwenye hesabu hiyo.

Pengo la kwanza si jipya. Mwaka 1845 Elias Howe alionyesha mashini yake Boston, ikipiga mapigo 250 kwa dakika, akashindanishwa na mafundi watano wa sindano, akawamaliza. Mashini ile ilizungushwa kwa mkono.

Sindano peke yake: kwa nani, kwa muda gani

Hata hivyo, nilimwambia mdogo wangu ashone kwa mkono kwanza, miezi miwili au mitatu. Sababu kubwa ni kwamba sindano inaonyesha kama kweli unapenda. Ukifika kifuniko cha tatu na bado unatafuta kitambaa cha nne, nenda kanunue mashini. Ukichoka kwenye cha kwanza, umepoteza bei ya sindano na uzi tu.

Sababu nyingine ni kwamba kuna kazi ambazo sindano haitaachia mashini hata ukiwa na zote tatu. Kubandika kifungo, kupinda pindo lisionekane upande wa mbele, kutia kiraka ndani ya mguu wa suruali, kufunga mwanya wa mto baada ya kuujaza, kutarizi. Na kuunganisha vipande vidogo vya bikwembe kuwa kitambaa kimoja, kazi ninayoipenda kuliko zote, inakwenda vizuri sana kwa mkono, maana mishono ni mifupi na unaweza kuibeba ndani ya mkoba hadi hospitali, hadi kwenye foleni, hadi kwenye kiti cha basi la Kasumbalesa.

Mambo machache yanamwokoa anayeanza. Kata uzi usiozidi urefu wa kutoka ncha ya vidole hadi kiwiko, ukirefushwa unajifunga mafundo. Upitishe kwenye mshumaa kidogo, utateleza. Vaa subana, kile kikofia cha chuma, kwenye kidole cha kati ukishona jinzi. Na ujue namba za sindano zinakwenda kinyume: za mkono, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, za mashini, namba ikipanda sindano inanenepa. Nimewaona watu wakirudisha sindano dukani wakidhani wamedanganywa.

Mahali sindano inaposhindwa ni pale panapovutwa sana na palipo parefu: mashuka, mapazia, suruali, nguo ya mtoto anayepanda miembe. Inawezekana, bibi zetu waliweza, lakini hamu inaisha kabla ya mshono.

Mashini tatu uso kwa uso

Sokoni kwetu utakutana na aina tatu zenye maana. Ya kwanza ni kichwa cheusi cha chuma chenye mpini pembeni, ndani ya sanduku la mbao. Ya pili ni kichwa kile kile kimekaa juu ya meza yenye kanyagio chini. Ya tatu ni nyeupe, nyepesi, ya umeme, mpya ya dukani au ya mtumba kutoka Ulaya.

Kuna na ya nne, ile ndogo ya betri inayoshikwa kiganjani kama stepla. Hiyo iache. Nyingi kati yake hushona kwa uzi mmoja unaojisokota kama mnyororo; ncha ikishikwa vibaya, mshono wote unafumuka. Pesa yake afadhali uiweke kwenye mkasi.

Kichwa cheusi, kiwe Singer ya zamani au Butterfly ya Shanghai, kina faida ambayo mgeni haioni: ni chuma ndani na nje. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, kule Uskoti, kilifungwa mwaka 1980. Maana yake mashini yoyote iliyotoka pale ina miaka zaidi ya 40, na bado ziko ambazo zinashona jinzi bila kulalamika. Butterfly nyingi zimejengwa kwa mfano wa Singer namba 15, na kwa sababu mfano huo uliigwa na viwanda vingi, bobini (kigurudumu kidogo cha uzi wa chini) na sindano zake si vitu vya kuagiza mbali. Fundi yeyote wa mashini hapa mjini ameshazifungua na kuzifunga tena.

Udhaifu wake ni mmoja ila ni mkubwa: inapiga mstari ulionyooka tu. Haina zigizaga, ule mshono wa kwenda kulia na kushoto, haitoboi matundu ya vifungo. Kingo za kitambaa inabidi uzifunge kwa njia nyingine. Mimi huzifunga hivi: nashona kwanza upande wa nje, napunguza kingo, nageuza, nashona tena kwa ndani, kingo zote zinabaki zimefichwa. Ni mishono miwili badala ya mmoja, lakini gauni linakuwa safi hata likigeuzwa ndani nje, na kwa kikwembe linapendeza kuliko zigizaga.

Mashini ya umeme ndiyo yenye zigizaga, tundu la kifungo, na kurudi nyuma kwa kubonyeza. Ukitaka kushona tisheti, nguo za kulalia za watoto, kitambaa chochote kinachovutika, hapa hakuna mjadala: unahitaji zigizaga na sindano yenye ncha ya mviringo, la sivyo mshono utakatika mara ya kwanza mtoto anapoingiza kichwa. Kama hiyo ndiyo hamu yako, nunua ya umeme na usijute.

Lakini iangalie vizuri. Nyingi za bei nafuu zina gia za plastiki ndani. Zikipasuka, mashini yote inasubiri kipande ambacho huku hakipatikani. Ukiikuta ya mtumba, igeuze usome kibati chake: lazima kiandikwe volti 220 hadi 240. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 110 au 120, za Japani ni 100. Ukizichomeka kwetu moja kwa moja mota inaungua. Jirani yangu aliipoteza hivyo mashini aliyotumiwa na ndugu yake, siku ile ile ilipofika.

Halafu kuna umeme wenyewe. Kila mtu wa Lubumbashi anajua saa za umeme za mtaa wake, na mitaa haifanani. Mdogo wangu anarudi nyumbani jioni. Kwao Katuba umeme mara nyingi unarudi watu wakiwa wamelala. Chumba ni kimoja, watoto wako kitandani. Tulihesabu saa ambazo angeweza kushona kwa umeme ndani ya wiki ile: hazikufika tatu. Kwa mashini ya mkono na taa ya sola angepata jioni zote saba.

Niseme na upande wa pili kwa haki: mashini ya umeme yenyewe haili umeme mwingi. Mota yake ya nyumbani ni kama wati 70 hadi 100, kidogo sana ukilinganisha na pasi inayovuta 1,000 na kupita. Mwenye betri kubwa ya sola na kifaa cha kugeuza umeme anaweza kuiendesha vizuri. Kinachokula ni pasi, na kushona bila pasi ni nusu ya kushona. Hapo pasi ya makala, yaani ya makaa, inabaki rafiki, mradi uiwashe na kuipepea nje, usijifungie nayo chumbani, moshi wake usioonekana unaua.

Kati ya mpini na kanyagio, tofauti ni mikono na nafasi. Ukizungusha mpini kwa mkono wa kulia, unabakiwa na wa kushoto tu kuongoza kitambaa. Kwenye mstari ulionyooka si shida. Kwenye shingo ya mviringo au mkono wa gauni, utasimama kila baada ya mapigo matano kupanga tena, na mwanzoni inachosha. Kanyagio linakuachia mikono yote miwili, na mwendo ni wa kasi zaidi. Ila linahitaji siku kadhaa za kuzoea, kwa sababu gurudumu likienda kinyume uzi unajisonga chini. Nilijifunza kwa kukanyaga bila uzi wala sindano, jioni mbili nzima, mpaka miguu ikashika. Na meza yake ya chuma ni nzito. Aliyepanga chumba na anayehamahama atailipia kwa mgongo kila akihama. Ya mpini inaingia ndani ya sanduku lake na kulala chini ya kitanda.

Ipo njia ya kati ambayo watu wa nyumbani wanaisahau. Kichwa cheusi kinaweza kufungwa mota ndogo pembeni, pale palipotayarishwa nyuma ya gurudumu, na mkanda. Umeme ukiwepo unaendesha kwa mota, ukikatika unatoa mkanda na kukanyaga. Ukiwa na nafasi ya meza, hii ndiyo ningekuchagulia kuliko mpya yoyote ya dukani. Na hailazimu kufanyika siku moja: nunua kichwa na meza leo, mota itakuja na likelemba nyingine.

Bei sitaziandika, kwa sababu zinapanda na kushuka na dola na mtu uliyekutana naye. Kipimo chetu kilikuwa hiki: kila mashini tuliiuliza inalingana na bikwembe vingapi vizima. Ukifanya hivyo utaona haraka ni vitambaa vingapi unavikosa kwa kuchagua chombo cha gharama, na mtu mwenye mashini nzuri bila kitambaa hashoni.

Kitambaa: kipya, mtumba, au sakafu ya fundi

Hapa ndipo pesa inapovuja, na hapa ndipo inapookolewa.

Kikwembe kipya kinauzwa kwa hesabu ya yadi. Kizima ni yadi 6, kama mita 5 na nusu. Nusu yake ni yadi 3. Na kipande cha yadi 2, mita 1.83, ndicho kinachomtosha anayeanza. Upana ni kama mita 1.15. Wax ya kweli, kikwembe kinachochapwa kwa nta, kama ya Vlisco, kampuni ya Helmond kule Uholanzi iliyoanza 1846, ina rangi iliyoingia pande zote mbili, mbele na nyuma karibu ni sawa. Za bei ndogo nyingi zimechapwa upande mmoja tu, nyuma imepauka. Hizo za bei ndogo si haramu, nimeshona nyingi, lakini jua unanunua nini. Chomoa nyuzi chache pembeni uzichome: pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Ya poliesta haipumui, mwezi wa kumi, joto likiwa kali, utaijutia. Na ya pamba uifue kwa maji baridi kabla ya kukata, maana ina wanga, inaweza kuchuja, na inaweza kuruka.

Kwa yote hayo, sishauri uanze na kikwembe kipya. Kinatia hofu. Mtu anaogopa kukikata, na mwenye hofu anakata vibaya.

Mtumba ndiyo shule. Chukua shuka la kitanda kikubwa, tuseme mita 2.40 kwa 2.20: hilo lina mita za mraba 5.28. Kikwembe kizima kina kama 6.3. Yaani shuka moja la mtumba linakupa zaidi ya nne kwa tano ya kitambaa cha kikwembe kizima, halina mshono katikati, na limeshafuliwa mara nyingi hata haliwezi kuruka tena. Gauni la kwanza, la kujaribia, lishonee kwenye shuka. Likikaa vizuri, ndipo ukate kikwembe kwa vipimo vile vile.

Shati la mwanaume ni hazina zaidi ya shuka. Kata mbele na nyuma yake kuwa miraba miwili, mfululizo wa vifungo ukiwa katikati ya mbele, shona pande nne, na tayari una kifuniko cha mto kinachofunguka na kufungwa kwa vifungo. Hukutoboa tundu hata moja. Kwa mwenye kichwa cheusi kisichotoboa matundu, shati la mtumba linafuta udhaifu huo kabisa. Kola inabaki, mikono inabaki, vifungo vilivyozidi vinaingia kwenye kopo.

Jinzi ni ya mifuko na aproni. Ishike kwenye mwanga kabla ya kulipa, hasa makalioni na magotini. Ukiona mwanga umepenya, mguu wa chini ndio pekee utakaokufaa, na bei ishuke kwa hiyo. Tumia sindano ya mashini namba 100, na kwenye tabaka nne zungusha polepole. Hapa mashini ya mpini inaipita ya umeme ya bei nafuu waziwazi, kwa sababu nguvu ni ya mkono wako na unaisikia sindano ikiingia.

Na kuna sakafu ya fundi. Pita Kenya jioni anapofunga, msalimie, mwambie unaanza kujifunza na unaomba vipande anavyofagia. Sijawahi kunyimwa. Wengine watakuambia urudi Jumamosi, urudi kweli. Vipande hivyo vikate miraba ya sentimita 12. Ukishona kwa kuacha sentimita 1 kila upande, kila mraba unabaki 10, na miraba 16 inajaza uso wa mto wa 40 kwa 40. Mto wenye bikwembe 16 tofauti una habari za mtaa mzima ndani yake: ya harusi fulani, ya matanga fulani, ya siku ya wanawake. Mabaki madogo kabisa yanaingia ndani ya mto kama pamba. Kitambaa hiki ni cha bure, na ndicho kilichonifundisha rangi kuliko kitu kingine chochote.

Pa kubana na pa kutobana

Kwenye mkasi usibane pesa. Nunua mmoja mzuri, ufunge uzi mwekundu kwenye kishikio, na watoto wajue kwamba huo haukati karatasi wala nywele. Karatasi inaua makali haraka. Mkasi butu unatafuna kitambaa, vipande havilingani, na hakuna mashini itakayokisahihisha kilichokatwa vibaya.

Uzi nao uchague kwa mkono. Vuta kipande kwa nguvu mbele ya muuzaji. Ukikatika kama kwa kupuliziwa, umeshazeeka. Mshono wa mashini hula uzi kama mara mbili na nusu ya urefu wake, juu na chini, hivyo kigurudumu cha mita 100 kinakupa mita 40 za mshono, magauni matatu na kidogo. Ukishaona unashona kila wiki, nunua koni kubwa nyeupe na nyeusi, rangi nyingine uzipate kidogo kidogo.

Sindano za mashini: namba 90 kwa kikwembe na shuka, 100 kwa jinzi, 70 kwa vitambaa vyepesi. Namba hiyo ni unene wake kwa sehemu za mia za milimita, 90 ni milimita 0.9. Za nyumbani zina shina lililobapa upande mmoja. Zile za shina la mviringo mzima ni za mashini za kiwandani, usizichukue hata zikiwa rahisi. Upande uliobapa unatazamana kinyume na pale uzi unapoingilia.

Kwingine kote bana bila aibu. Chaki ya fundi ni kipande cha sabuni kilichobaki chembamba. Karatasi ya kukatia mfano ni gazeti au mfuko wa simenti uliopanguswa. Mto wa pini ni soksi iliyojazwa mabaki. Mafuta ya mashini tu ndiyo uyanunue ya kweli: ya kupikia yanaganda na kushika vumbi, na vumbi letu jekundu la kiangazi linatosha bila msaada.

Kuhusu kujifunza sina mengi. Shule zetu zina masomo ya kukata na kushona, lakini ni njia ndefu kwa mtu wa jioni. Wazee wa makambi ya Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni, watakusimulia jinsi mama zao walivyofundishwa kushona na kufuma kwenye nyumba za jamii za kampuni. Muulize bibi aliyekulia kule, mikono yake bado inakumbuka. Video za simu zinasaidia kwa jambo moja moja, zinakula megabaiti. Kukaa kando ya fundi Jumamosi tatu kunashinda vyote hivyo, ukimlipa kidogo au ukimsaidia kupinda.

Tulichonunua

Mdogo wangu hashoni tisheti. Umeme wake ni wa usiku wa manane. Chumba ni kimoja na mwenye nyumba anaweza kumhamisha. Tulipoyaweka hayo mezani, ile nyeupe ya mjini ilijiondoa yenyewe. Angekuwa mtaa wa Kampemba kwa dada yetu mkubwa, mwenye sebule na betri za sola, ningemwelekeza kwenye kichwa cheusi cha meza chenye mota. Na kama angekuwa anataka nguo za kuvutika za watoto kuliko magauni, ningekubali ile nyeupe, kwa sharti aione ikishona kwanza.

Alishona kwa mkono wiki kumi. Vifuniko vitano, aproni moja, na mfuko wa miraba uliokwenda kwa mama yake. Kisha tukaenda soko la Kenya Jumamosi asubuhi, na kwenye mkoba tukabeba vipande viwili: kimoja cha kikwembe, kimoja cha jinzi iliyokunjwa mara nne. Mashini ya kwanza muuzaji alitaka kutuonyesha kwa kitambaa chake mwenyewe, chembamba, kilichoshonwa hapo hapo kila siku. Tulimshukuru tukaweka chetu. Gurudumu likazunguka kuelekea kwetu, kikwembe kikapita vizuri, lakini tulipokigeuza uzi ulikuwa umelegea na kufanya vitanzi chini. Hapo mara nyingi ni uzi wa juu uliopitishwa vibaya au mkazo wake umelegea, kwa hiyo tulimwomba aupitishe upya na kukaza kidogo. Vitanzi vikabaki. Tukafungua mahali pa bobini: kutu.

Ya tatu ilikuwa Butterfly, mpini umepauka, sanduku lina ufa. Kikwembe kilitoka na mapigo sawasawa juu na chini. Jinzi ya tabaka nne, mdogo wangu akaishona mwenyewe, polepole, akiinama kusikiliza. Alipofika mwisho aligeuza kitambaa, akakiangalia muda mrefu, halafu akafungua ncha ya kikwembe chake. Baada ya mashini zilibaki pesa za mkasi, za sindano kumi namba 90, na za shuka moja la maua tulilolikuta njiani tukirudi.